Kila Kioo na Baridi Yake

Ushanga ukitoka motoni usiusifu.
Bado haujawa kitu, umeshtuka tu.
Motoni kila rangi husema uongo:
njano hujifanya damu, nyekundu hujifanya masizi,
na mimi, nikiwa na haraka, nimewahi kuziamini zote.

Huku Buzebazeba, kibandani nyuma ya nyumba ya baba,
ndani ya kopo la mawese lililosuguliwa kwa majivu,
nina vijiti vya kioo vya koo nne.
Vya Mtaliano, vinalainika upesi kama mtoto wa mwisho.
Vya Mjerumani, vikaidi, weupe wake hauingii moshi.
Vya Mchina, nilivyopimiwa kwa kilo, havina hata jina.
Na chupa za bia kutoka nyuma ya baa moja ya Gungu,
nilizozikata kwa uzi na mafuta ya taa.

Ukivipanga mezani huwezi kuvitofautisha.
Kijani ni kijani.
Kupoa ndiko kila kimoja hukumbuka kwao.
Daftarini nimeandika kwa penseli:
huyu mia tano na ishirini, nusu saa;
yule mia tano na kumi, asikimbizwe;
chupa, mia tano na hamsini, la sivyo
haikwambii leo.
Itakwambia Ijumaa ya wiki ijayo, shingoni mwa mteja:
tik.

Bibi alikuwa na sofi mbili, nyeupe kama jino,
alizozifukua kwa jembe akipalilia mihogo.
Zamani, alisema, kwa hizi Ujiji ulipata samaki na chumvi.
Hakuna ajuaye tanuri lililozipoza.
Hazina ufa. Nimezichungulia kwa lenzi,
kwa wivu.

Mimi ni Bukuru. Pacha wangu ni Butoyi.
Tulishonewa magauni ya jora moja,
tukachapwa kwa kosa moja.
Baba alipozikwa, siku ya nne Butoyi alikuwa jikoni
anacheka na majirani, anakaanga migebuka.
Mimi mwezi wa saba nilikuwa bado sigusiki.
Nikamwita jiwe. Akaniita mwigizaji.
Akapanda treni ya Tabora na sanduku lake la bati,
tukawa watu wa salamu za Idi.

Juzi akaagiza shanga za harusi ya bintiye.
Thelathini, bluu kwa nyeupe.
Bluu niliyonayo ni ya Mtaliano, nyeupe ya Mjerumani.
Fundi yeyote atakwambia usiwaoze hao.
Nikawaoza.

Saa nne usiku, tanuri likiwa mia tano na tano,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikaziba ukingo wa mlango kwa udongo,
nikalizungushia magunia ya majivu,
juu yake blanketi la baba, lile la kijivu,
ambalo miaka tisa sijalifua.
Kisha nikakaa kitako gizani
nikiunyima mkono wangu ruhusa ya kugusa.
Saa kama hizo fundi hana kazi, ana masikio.
Tik, ndani. Nikahesabu.
Paka juu ya bati.
Tik.

Asubuhi nikafungua. Halikuwa na joto la kuniunguza.
Kumi na moja zina ufa, mwembamba kama unywele,
palepale weupe unapoikuta bluu.
Nyingine zote zimetulia, zinanitazama.

Nikampigia. Saa kumi na mbili na nusu,
na tayari mafuta yalikuwa yanachemka upande wake.
"Kumi na moja zimepasuka," nikasema.
Nikasikia jiko likizimwa.
"Hivi," akauliza, na sauti haikuwa ile ninayoijua,
"lile blanketi la baba bado lipo?"

Nikalivuta kutoka kwenye tanuri, limejaa majivu.
Nikamwambia lipo. Lina joto bado.
Hakuna aliyekata simu mpaka salio likaisha.

Daftarini, chini ya tarehe:
umeme ulikatika, usiku kucha kufunikwa,
nzima kumi na tisa.
Sababu: sijui.